Ambulansi ya Baba Imetoka Lupangoni

Kolwezi, Lualaba
Jumapili, tarehe 22 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu René,

Habari za huko Matadi? Mgongo wako umepona, au bado unabeba magunia bandarini kama kijana wa miaka ishirini? Tania mke wako hajambo? Na watoto, wanasoma vizuri? Sisi huku tuko wazima, namshukuru Mungu. Joto la mwezi wa tisa limeanza, na vumbi linaingia mpaka kwenye sahani ya bukari. Mi goti linanisumbua asubuhi, lakini mdomo wangu ni mzima, utaona mwenyewe.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu, nikitaja tu jina la Baba, unaniambia rezo ni mbaya. Aa, René! Rezo gani hiyo inayoharibika kwa jina la mtu mmoja? Leo utanisoma mpaka chini.

Ujue kwanza kwamba mwezi wa saba watu wa kampuni walipita mtaani, kartie yetu yote, wakaandika namba za rangi nyekundu kwenye kuta. Wanasema chini ya nyumba zetu kuna madini. Tulipewa nyumba nyingine njia ya Mutshatsha, na mwisho wa kuhama ulikuwa tarehe ishirini ya mwezi huu. Majirani walilia kidogo, wakafunga vitu. Baba akakataa. Alisema hatoki lupangoni, kwenye kiwanja chake, kama ambulansi yake haitoki, tena itoke kwa motere yake yenyewe, si kwa kuvutwa na kamba. La sivyo, mashine zitamkuta kwenye kiti chake.

Unamjua. Ana miaka themanini na minne, macho yamezimika tangu miaka sita, lakini kichwa chake ni kigumu vilevile. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikapiga magoti na hili goti bovu. Wapi! Nilikuwa naona mbele yangu siku watakapokuja kumbeba juu juu na kiti chake, kartie nzima ikitazama. Kwa hiyo ili nimtoe Baba kwa heshima yake, ilinibidi nifufue motoka ambayo haijakohoa tangu mwaka wa themanini na mbili.

Unaikumbuka, sivyo? Rangi yake ya kijani ya jeshi, na ule msalaba mwekundu uliopauka mpaka ukawa kama nyanya ya juzi. Mvua ikinyesha tulikuwa tunakimbilia ndani, mi na vitabu vyangu, we na vipande vya miwa. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Siku ulipokataa kwenda shule tulikutafuta mpaka gare ya treni, kumbe umelala kwenye machela na mate yanakutoka! Mi naikumbuka hata harufu yake, dawa ya hospitali iliyochanganyika na mafuta, na nikiisikia popote nataka kulia. Baba aliosha ile motoka kwa nje kila Jumamosi, lakini milango ya nyuma hakuifungua hata mara moja. Hilo mi nililiona tangu nikiwa mtoto.

Basi nikamwita fundi Tshiamala, yule anayetengeneza malori karibu na gare. Alifungua motere yote, na kila kipande kilipita kwanza mikononi mwa Baba. Baba alikuwa anakinusa, anapitisha ukucha, anasikiliza, halafu anatoa hukumu. Hii inaishi. Hii imekufa, tafuta ingine. Tshiamala alicheka siku ya kwanza, siku ya tatu akaanza kumwita mwalimu. Vyuma vyote vilioshwa kwenye karai langu la unga wa mihogo, bila ruhusa yangu. Karai hilo silitaki tena.

Sasa sikia aibu yangu. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimempangisha mtu mzima na heshima zake, Gael, mchimbaji, na mke wake Mignonne na watoto wanne. Aliniomba aweke baiskeli na vyombo vyake ndani ya ambulansi, na mi nikafurahi, maana alikuwa anaifagia vizuri. Tangu Pasaka Baba ananiambia, “Wivine, kuna mutu anagonga ku chini ya motoka.” Nami namjibu ni jirani anatwanga majani ya sombe. Nilisema moyoni, uzee huo.

Siku ya kutoa magurudumu, Tshiamala alitia kriki ya kuinulia, akasukuma, na badala ya motoka kupanda juu, kriki ikashuka chini! Gurudumu la nyuma likazama mpaka ekseli. Eh Mungu wangu! Gael alikuwa amefungua bati la sakafu, na kutoka ndani ya ambulansi amechimba shimo la kutosha watu wawili kusimama, na ngazi yake, na kamba yake, na ndoo yake. Cobalt alikuwa anaitoa chini ya ambulansi ya baba yangu, mi namsalimia kila asubuhi! Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Mignonne naye akaanza kumgombeza mume wake pale nilipoishia. Baba alicheka mpaka akashika tumbo, akasema, “Si nilikuambiaka?” Nilimwomba msamaha. Gael alirudisha udongo kwa siku tatu bila kuinua kichwa, Baba akikaa pembeni na kupima kwa fimbo kama umeshindiliwa sawa, na tulipomaliza zilibaki siku nne.

Alhamisi, motere ikashika. Ilipiga chafya, ikatoa moshi mweusi, kuku wakatawanyika, watu wakapiga makofi barabarani. Baba aliweka kiganja juu ya boneti, akaisikiliza ikinguruma. Kisha akasema tuhame.

Ijumaa asubuhi nilimpangusia kiti cha mbele, nikamvalisha bereti yake. Tshiamala alikuwa tayari ameshika volani. Baba akasema, “Hapana. Muniweke kwa nyuma, pale mama yenu alilalaka.”

René, hadithi ya kuzaliwa kwako unaijua nusu. Mama Fidélie alikuwa kwa wazazi wake Mutshatsha, uchungu ukamshika kabla ya siku, na Baba akaenda kumchukua na ambulansi hiyohiyo, aliyokuwa anaiendesha jeshini. Mi nilikuwa na miaka tisa, nimekaa mbele karibu na Baba. Kile kidirisha cha kutazama nyuma alikuwa amekifunika na kitambaa. Ulizaliwa njiani mikononi mwa muuguzi, na Mama akatutoka njiani. Baba hakugeuka mpaka Kolwezi. Umekua ukisema kwamba hakutazami kwa sababu we ulikuja na yeye akaenda. Nami niliamini hivyo, nikanyamaza. Unisamehe kwa hilo.

Tulimlaza kwenye machela, nikakaa chini karibu yake. Alikuwa anapapasa bati polepole. Tulipofika njia ya Mutshatsha akaanza kusema, na mi nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

“Ile siku nilisikia mama yenu ananyamaza, nikajua. Nilitaka kuacha volani, motoka iingie mu pori, biishe. Lakini mutoto alikuwa analia. Nikasema, huyu bado ananiita. Nikafwata kulia kwake mpaka ku hopitali. Ni ye alinifikisha, haikukuwa mi.”

Nilimuuliza kwa nini hakukwambia miaka yote hii arobaini na mitano. “Nilikuwa na haya. Baba gani anataka kuacha volani na batoto babili ndani? Kila nikimuona René, nilikuwa naona ile kitu nilitaka kufanya.” Halafu akaniambia, “Muandikie.” Nami nimekuandikia.

Nyumba mpya ni nzuri, ila bado inanuka simenti. Gael na familia yake wamepata chumba kwa jirani, na Mignonne bado hajamsamehe. Msalimie sana Tania, wabusu watoto, na umpe Gloire mkubwa wao salamu zake peke yake. Shangazi Marlène wa Kasaji anakusalimu, na Tshiamala pia, ingawa hakujui.

Baraka leo siandiki mi. Baba aliniomba pemba, ule udongo mweupe wa kubariki, akachovya kidole, nikamshikia mkono juu ya karatasi. Hilo vumbi jeupe chini ya jina langu amekuwekea yeye. Weka kidole chako hapo kabla halijapukutika.

Ni mi dada yako, niliyekuwa mbele siku ile, na ninakupenda,

Wivine Mwamba