Mama, Usimuulize Kuhusu Mtihani

Kisenyi, Kampala

Mama mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wajukuu wako, Neema na mdogo wake. Mgongo wako unaendeleaje? Na huko Walungu mvua imefika, mihogo imeshika? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe, lakini sitakudanganya kwamba mioyo imetulia. Barua hii naipitisha kwa Mama Chantal, muuza vitenge anayekuja Bukavu kufuata mzigo. Nataka ikufikie kabla ya mwanao. Ndiyo, Mama, Mugisho anarudi. Hajui kwamba nakuandikia, na kilichotokea yeye mwenyewe hatakueleza.

Tulipokimbilia huku alisema mwalimu hakosi kazi. Walimu wa hapa walitupokea vizuri, ila vyeti vyetu ni vya Kifaransa, na kila shule ilitujibu lile lile: leteni kwanza cheti cha Kiingereza. Basi yeye aliyekuwa prefe, mkuu wa sekondari nzima, akaenda kubeba makatoni kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo. Mimi nikafua nguo za watu kwenye maghorofa ya Bukoto. Alasiri tulikutana darasani, chumba kilicho juu ya gereji, kwa Mkenya mmoja, Mwalimu Wekesa. Alifundisha kwa kupiga kelele ili ashinde nyundo za mafundi.

Kiingereza cha kusoma hakikumshinda mwanao. Kilichomshinda ni sehemu moja ya mtihani wa cheti hicho: unapewa sentensi, unaambiwa uiandike upya ukianza na neno fulani, na maana isibadilike. Sisi tunasema, "Angalifika mapema, angalimwona daktari." Ile ngali inakaa pande zote mbili. Kwa Kiingereza ukiweka "would" upande wa "if", umekosa. "If" inataka "had", na "would" ingoje upande wa pili. Mugisho aliiweka pande zote mbili kila mara, na akisahihishwa alibisha.

"Mwalimu, nipe sababu."

"Mzee, sababu sina. Ndivyo walivyopanga wenyewe."

"Mimi sijawahi kumfundisha mtoto kitu nisichoweza kumpa sababu yake."

Vijana wa darasa wakacheka. Wengi wao walikuwa na umri wa wanafunzi wake wa zamani.

Halafu kuna ile "-ing". Kwetu kuvuta ni kuvuta tu. Kwao "he stopped smoking" ni mtu aliyeacha sigara kabisa, lakini "he stopped to smoke" ni mtu aliyesimama njiani ili avute. Ukichanganya, aliyeacha sigara umemrudishia mdomoni. Mimi nilikariri bila kuuliza, Mama. Ndiyo maana nilipita mara ya kwanza, naye akaanguka. Akarudia, akaanguka tena, sehemu ile ile.

Shule moja ya Bukoto ikanipa darasa la watoto wadogo. Siku ya kwanza alinipigia gauni pasi yeye mwenyewe, akanisindikiza hadi getini, kisha akashika njia ya Kikuubo. Siku chache baadaye majirani wakaanza kumwita bwana wa Teacher. Akapunguza kuongea, hata na Neema.

Mara ya tatu alivaa lile koti aliloondoka nalo Bukavu. Jioni akarudi, akasema, "Umekwenda vizuri." Nikamshukuru Mungu. Kesho yake nikifua shati lake, nikakuta mabega yamejaa unga wa ngano, ule unaotoka kwenye magunia. Nikalisuuza, nikalianika. Jumapili nikakutana na Mwalimu Wekesa nje ya gereji. "Mama Neema," akaniuliza, "Mzee anaumwa? Kiti chake kilikaa kitupu."

Nilimuuliza Mugisho tukichambua maharage. Hakuinua macho.

"Nilifika," akasema. "Nilipoingia, vijana wa madarasa mengine, wasionijua, wakanyamaza wote. Mmoja akaficha karatasi chini ya paja. Mwingine akasimama, akavuta kiti cha mbele, akaniambia kwa heshima ya Kiganda, 'Karibu, ssebo, tuko tayari.' Walidhani mimi ndiye msimamizi wa mtihani."

"Ungewaambia tu."

"Nilitaka. Nikatazama lile dawati nililopaswa kukaa, pale katikati yao." Akatupa kokoto pembeni. "Nikasema nimekosea chumba. Nikatoka."

Baada ya hapo alianza kusema habari za kurudi. Kule ninajulikana, alisema. Nikamjibu kwamba hata wale waliomfukuza wanamjua. Unajua jinsi alivyosimama kwenye mlango wa shule akawakatalia watu waliotaka kuwabebesha wanafunzi wakubwa bunduki. Watu wale hawajahama. Akaniambia, "Afadhali wao. Wale waliniogopa kidogo." Nimemsihi, mchungaji amemsihi. Ijumaa anapanda basi. Mimi nabaki, maana watoto wanasoma hapa, na kazi yangu ndiyo inayotulisha.

Jana mchana, akiwa anafunga mizigo, aliniomba nimwandikie sentensi za ule mtihani. Akakaa juu ya begi, akaandika bila kubisha neno. Nikasahihisha. Hakukosa hata moja.

"Umepata zote," nikamwambia.

"Najua."

Akampa Neema penseli, akaendelea kukunja suruali.

Nakuomba, Mama, mweke huko kwako Walungu, asilale mjini hata siku moja. Shemeji Byamungu amngojee kwenye kituo cha basi, amlete moja kwa moja nyumbani. Watu wakija kumsalimu na kumwita Prefe, waache wamwite. Wewe mwite jina ulilompa ukimnyonyesha. Mpe chakula, na usimuulize kuhusu mtihani. Akitaja mwenyewe, msikilize tu.

Nisalimie Shemeji Byamungu, fundi wetu wa viatu, na shangazi Nsimire muuza chumvi, na mchungaji mzee aliyetufungisha ndoa. Waambie tunawakumbuka katika sala, nao wasituache.

Nimemwekea sweta chini kabisa ya begi. Asubuhi za huko nazijua, na yeye hatasema kwamba anasikia baridi. Mtolee umvalishe.

Mkwe wako asiyekusahau,
Furaha, mama wa Neema