Saa Moja Imerudi Fundo

Somo yangu Zuwena,

Waambaje huko ulipo? Mie huku Fundo mzima, na binti yangu mzima. Amelala hapa ubavuni, mguu wake mmoja uko juu ya karatasi, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue ni yeye. Hukumkuta. Nilimpata baada ya weye kuondoka, nikamwita Time, jina la bibi yake mzaa baba. Ana meno mawili ya chini na anamchekea kila mtu, hata Mzee Faki mwenye boti, ambaye unajua mwenyewe hachekewi ovyo.

Barua hii naiandika kwa furaha, usije ukadhani nalia. Nililia siku za mwanzo. Nikisikia mtu njiani anaita "somo" nilikuwa nageuka, halafu nakumbuka kuwa wa kuniita hivyo mimi hayupo. Unakumbuka tulivyoanza? Mwalimu wa Wete aliita "Zuwena," tukaitika sote wawili, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo sisi tukawa masomo, jina moja watu wawili, na hakuna aliyemwita mwenziwe Zuwena tena. Weye ukaendelea, ukenda Unguja kusoma kompyuta. Mie nikaishia kidato cha pili, nikaolewa huku kisiwani. Lakini uliporudi hukunibadilikia. Ulikuja na ile kompyuta yako begani, ukakaa chini na mie, ukala mhogo.

Sasa habari yenyewe. Ukili wako, ile programu ndogo uliyoitunga, umepata apdeti, somo. Na ndani ya hiyo apdeti nimo mimi.

Nilipokuuliza zamani hicho kiplagini chako kinafanya nini, mama yako Bi Raya alikuwa barazani anashona mkeka. Ukanionyesha kwa kidole. "Ule mkeka ndo ukurasa wa mtandao. Ukili mmoja ukichakaa, mama hafumui mkeka mzima. Anatoa ule mmoja, anashona mwingine pale pale. Basi changu ndo kazi yake hiyo." Mie JavaScript, hiyo lugha ya kompyuta uliyokiandikia, nilikuwa siijui hata kuitamka, lakini ukili naujua, ule ukanda wa ukindu uliosukwa, nimeusuka tangu mdogo. Nikaelewa. Ndiyo sababu kwenye ule ukurasa wa boti uliotutengenezea, Mzee Faki akibadilisha saa kwenye simu yake, kwenye simu zetu ile saa tu inabadilika, ukurasa wote umetulia. Na kiplagini chenyewe chepesi, kama ukindu uliokauka. Hata nyuma ya nyumba yetu, ambako mtandao unashika kwa kubahatisha, ukurasa wa boti ulikuwa unafunguka.

Ulipoondoka nilidhani Ukili nao umelala. Kumbe watu wa mbali wanautumia. Uliuweka mtandaoni bure, anayetaka achukue, na bwana mmoja anaitwa Tomas, wa nchi za baridi, akawa anautunza kwa hiari yake. Mara kaupunguza uzito, mara kaufanya uelewane na simu mpya. Ukurasa wetu ulikuwa ukivuta wenyewe kila kipya kinachotoka, kama ulivyoupanga. Sisi hatujui lolote, tunaona tu unafunguka upesi zaidi.

Halafu asubuhi moja tukafungua simu, ukurasa umeandika kuwa boti ya kwenda Wete inaondoka saa saba.

Siku yenyewe kulikuwa na harusi Wete, na wapishi wa biriani walikuwa wanawake wa huku kwetu. Walipoona saa saba wakasema alhamdulillahi, nafasi tunayo. Wakarudi nyumbani. Mmoja akaanza kujipaka hina. Boti ikaondoka saa moja asubuhi kama siku zote, imebeba mbuzi. Mbuzi wa harusi walifika Wete, wapishi hawakufika.

Mzee Faki aliporudi akawakuta wamejipanga ufukweni na masufuria kichwani. "Nyie saa saba mmeitoa wapi? Yangu saa moja tangu boti hii ni mti."

Wakamwambia, kwenye simu.

"Basi simu na iwavushe."

Aliwavusha, lakini si kabla ya kila mmoja kusikia yake. Biriani ililiwa baada ya magharibi. Bwana harusi, wanasema, alikuwa anatoka nje kutazama bahari kila mara, na si kwa ajili ya bibi harusi.

Tulicheka, lakini baada ya kicheko watu wakasema ukurasa utolewe. Wa chama hiki na wa chama kile, wote neno moja, jambo ambalo hapa kwetu si la kawaida. Weye uliupaka rangi ya udongo ili mtu yeyote asisome saa ya boti kwa bendera ya chama chake, na kweli walikuwa wakiusoma wote. Sasa wote wanautaka utoke. Mzee Faki aliniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. "Aliyeujua katangulia, mwanangu. Tumwache apumzike na mtandao wake."

Kaburi lako liko Wete, nguo zako Bi Raya kazigawa. Kilichobaki chako ambacho mtu wa Fundo anakigusa kila asubuhi ni ule ukurasa. Ukitoka... basi. Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa.

Kompyuta yako ninayo mimi. Bi Raya alinipa baada ya arubaini, akasema, "Ichukue, mie naona kioo tu." Na lile neno la siri ulilonitia sikioni huku unacheka, ninalo, na sitaliandika hapa. Nikafungua, nikatafuta ndani ya Ukili ule mstari wa saa uliowahi kunionyesha. Haupo. Badala yake nikakuta Tomas kaeleza, kwa adabu kabisa, kuwa ameondoa kosa: mtu akichagua Kiswahili, saa zinapungua sita.

Nilicheka peke yangu, Time akashtuka. Maana nilikumbuka saa ya ukutani kwenu, na weye umesimama chini yake na rula ya mwalimu. "Somo, usitazame kichwa cha mshale, tazama mkia." Kichwa kinaelekea saba, mkia uko kwenye moja, na sisi tunasema saa moja. Yule bwana hakukosea. Kwake yeye watu wote wanatazama kichwa.

Nikamwandikia, kwa ile mashine ya kutafsiri, maana Kizungu changu ni cha kuombea maji tu. Mwanzo niliomba radhi kuwa nimechelewa kuandika, Time alikuwa anaumwa. Akajibu kuwa ndiyo, ameona kuwa saa inaumwa, na anasikitika ikiwa yeye ndiye aliyeiumiza. Nikakaa nikisoma jibu hilo mara kwa mara. Kumbe kwao jina la mwanangu ndiyo saa yenyewe, ndiyo wakati. Baba Time akaniuliza nacheka nini, nikamwambia mwanao kapelekwa kwa fundi.

Nikamweleza Tomas vizuri. Kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapoanza kazi, na saa moja ni saa moja baada ya hapo. Akaniambia hajawahi kusikia, na kwamba ni hesabu yenye akili. Akaniomba niurudishe mstari ule kwa mkono wangu, yeye atautazama.

Kwa mkono wangu, somo. Nilikwenda kwanza kunawa.

Nikaandika. Nikaujaribu kwenye simu yangu mwenyewe kabla ya kuupeleka kokote, kisha nikampelekea Mzee Faki simu aone. Akaishika mbali na uso kama anavyoshika kila kitu kilichoandikwa. "Boti kwenda Wete, saa kumi na tatu." Akanirudishia. "Hiyo ni boti ya majini na mashetani, Zuwena. Mie si nahodha wake."

Nilikuwa nimeongeza sita badala ya kupunguza. Nilivuka siku ile ile nikenda kwenu, nikasimama chini ya ile saa, Time mgongoni. Nikaweka kidole kwenye saba nikahesabu sita kurudi nyuma, kikafika kwenye moja. Nikarudi kwenye saba nikahesabu sita kwenda mbele. Kikafika kwenye moja ile ile. Nikarudia, maana sikuamini. Mbele sita, nyuma sita, unafika pale pale. Kwa hiyo sikupotea kabisa. Nilikuwa nimezunguka kwa upande wa pili, nikasahau tu kwamba saa ikishavuka kumi na mbili inaanza upya.

Bi Raya alikuwa ananitazama kutoka mkekani. "Wacheza na saa, mwanangu?"

"Namtafuta somo."

Akavuta uzi. "Umpatapo, mwambie ukindu siku hizi umeadimika."

Basi nimekwambia.

Nilirekebisha pale pale kwenu, nimekaa pale ulipokuwa ukikaa weye. Saa moja ikatokea kwenye simu, ndogo, imetulia, na mkeka mzima haukutikisika. Nikaipeleka. Tomas akasema imekubali, ila akaniomba niandike maelezo juu ya ule mstari ili asije mwingine akaudhania kosa. Akasema niandike kwa lugha yangu kwanza. Nikaandika: Hapa tunatazama mkia wa mshale, tafadhali usiutoe. Yamo humo sasa. Yanasafiri kila Ukili unakokwenda, kwa watu wasiojua Fundo iko wapi.

Alhamisi apdeti ikatoka. Ijumaa asubuhi wapishi wale wale walikuwa ufukweni kabla ya boti, na yule wa hina akamsomea Mzee Faki simu kwa sauti kama anasoma hotuba: saa moja. Mzee Faki akasema, "Haya, hata simu imejua." Hakusema tena neno la kuutoa ukurasa. Jana nilimwona anaufungua mwenyewe kuangalia boti yake inaondoka saa ngapi.

Nina moja limebaki. Tomas, akimaliza, aliandika hivi: Karibu tena, Zuwena, tulidhani umetuacha. Maana niliingia kwa neno lako la siri, na jina ni hilo hilo. Aliniona mimi akadhani ni weye.

Nilitaka kuliacha hivyo, siku moja tu. Lakini ningeona haya kwako. Nikamwandikia kuwa Zuwena aliyeusuka Ukili amefariki, na kwamba mimi ni Zuwena mwingine, mimi ni somo yake. Nikaipeleka bila kuangalia mashine imeandika nini. Baadaye nikaangalia. Somo yake na somo lake, mashine haijui tofauti. Imemwambia kuwa mimi ni lile somo la darasani. Kwamba mimi ni kitu ulichokifundisha.

Tomas alijibu kwa sentensi moja: Basi alifundisha vizuri.

Sikumsahihisha.

Time ameamka, anaivuta hii kalamu. Nakuombea kila nikimaliza sala, na nitaendelea. Nakuahidi mambo mawili: ule mstari utakuwa chini ya macho yangu kila apdeti inapotoka, na huyu mtoto, akifika umri wa kusoma saa, nitamsimamisha chini ya saa ya ukutani kwenu nimwonyeshe mkia. Sasa nafunga, boti inaita, na leo nampelekea Bi Raya ukindu.

Lala kwa raha, Zuwena.

Ni mimi,
somo yako,
na somo lako.