Baba mdogo alivyoshika kipaza sauti

Shoga, uko wapi? Nimejificha jikoni, nimeshaharibu.

Tumetoka kumzika baba sasa hivi. Tumerudi nyumbani, baba mdogo kaomba kipaza sauti mbele ya majirani na mafundi wenzake baba wote. Unajua kasema nini? "Kaka yangu alikuwa fundi cherehani hodari, ila pombe ikamharibu mikono."

Pombe! Baba yangu! Mtu ambaye hajaonja hata tone maisha yake yote!

Miaka tisa ya ugonjwa wa Parkinson. Tulimweleza baba mdogo kwenye simu, tukamtumia mpaka karatasi ya daktari. Mikono inatetemeka, miguu inagoma, mwisho hata mate hayamezeki. Mtu aliyewashonea watu suti za harusi, mama ndiye anamfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Na huyo mdogo wake hakuja kumwona hata siku moja. Hata siku moja!

Nikanyanyuka, nikampokonya kipaza sauti. Nikasema, "Mlevi wa ukoo huu ni wewe, na baba ndiye aliyekuwa anakubeba mgongoni kukurudisha nyumbani."

Watu wote wanaangalia viatu vyao. Shangazi ananivuta gauni, eti nimwombe radhi. Siombi!

Sasa mama naye kanifuata huku jikoni, kafunga mlango. Nikajua leo nachapwa na uzee huu.

Akaniangalia weee, kisha akasema: "Na wewe ulikuwa unangoja nini miaka yote hii usimwambie?"