Careen, Uliyetafuta Weupe wa Madirisha Yetu

Mwaka umetimia, Careen, tangu Jumamosi ile ya mvua ulipotutoka hapa nyumbani Lipangalala, na kwa mama yako ni kama jana.

Ulikuwa fundi rangi. Watu walizoea kukuona na ndoo yako nyuma ya baiskeli, ukitoa shikamoo hata kwa aliyekuzidi miaka miwili. Rangi iliyobaki uliipeleka makaburini, ukapaka misalaba ambayo majina yake yamefutika, bila kuuliza ni ya nani. Kabla ya misa ulikaa mlangoni ukisugua kucha kwa mafuta ya taa, mama yako akisema, "Utakomunika unanuka kibatari." Wewe unacheka tu.

Ile milango midogo ya mbao ya ndani ya madirisha uliipaka wewe, ikawa nyeupe pe. Basi Jumuiya yetu ya kanisani ilipopanga kuja Jumapili kubariki nyumba, kaka yako Lukelo akajitolea kupaka fremu ili zifanane nayo. Ulipofika Jumamosi asubuhi uliziangalia moja moja.

"Shikamoo mama. Hizi fremu kapaka nani? Meno ya mvuta tumbaku haya."

"Marahaba. Kapaka kaka yako, na usimchokoze."

Lukelo akasema nyeupe ni nyeupe. Ukamjibu, "Kwa macho yako, kaka, hata wali na ugali ni kitu kimoja."

Ukachanganya upya. Ukapaka kibao kidogo, ukakiegemeza kwenye ile milango, ukasubiri kikauke, ukakataa, ukachanganya tena. Ulisema rangi mbichi inadanganya, haipimwi mpaka ikauke. Mara ya tatu kibao kikapotelea kwenye ule weupe, ukamwita mama yako aje aone.

Mchana mvua ikaanza kupiga upande wa madirisha. Hapa mama yako anaomba kila anayesoma atulie. Yeye ndiye aliyesema, "Funga vioo vyote, mwanangu, maji yasiharibu." Yeye ndiye aliyeingiza jiko la mkaa ili rangi ikauke kabla ya kesho, kama tunavyofanya wengi huku bondeni wakati wa masika, tukikausha nepi na sare za shule. Mkaa ulikuwa umekolea, hauna moshi hata kidogo. Ukabaki ndani kupiga mkono wa pili wa rangi, mlango umeukomea kwa sababu upepo ulikuwa unausukuma. Yeye akaenda kwa Mama Rosa kuazima viti, mvua ikamshikilia huko.

Aliporudi alikuita, hukuitika. Jirani yetu Beatus akavunja komeo. Ulikuwa umekaa chini ya dirisha kama aliyepitiwa na usingizi, brashi mkononi.

Daktari alituambia kwamba mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa mbaya, haionekani wala hainuki, na mtu anasinzia tu moja kwa moja. Hatukujua.

Mama yako anaogopa kila kitu, unamjua. Alikukataza ngazi ndefu, alikukataza baiskeli kwenye barabara ya malori ya miwa, alikukataza kuvuka mto maji yakijaa. Siku ile aliogopea rangi.

Kwa hiyo tunawaambia wenzetu: jiko libaki nje. Rangi isipokauka, wageni waikute mbichi. Jumuiya wasingekukasirikia kwa hilo.

Masika yameanza tena. Kila mvua ikianza, mama yako anajifunika kanga, anapita mlango kwa mlango mtaani kuuliza jiko liko wapi. Wengine wanamwona msumbufu, wengine wanamwitikia dirishani bila kumkaribisha. Anapita tu.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi saa moja asubuhi.

Wanaokukumbuka ni mama yako Balbina, kaka yako Lukelo, mdogo wako Omega, bibi yako Paskalina wa Idete, mjomba wako Nazari wa Michenga, na mafundi wenzako wote.

Kukusahau hatuwezi, mwanetu, siku zote tulizojaliwa.