Maneno ya Mama Hayakufika Kwenye Diski

Kikula, Likasi, Oktoba 1996

Mpendwa kaka yangu, yaya Jean-Luc,

Jambo sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwene-Ditu, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Mimi na mdogo wetu Elikia tuko wazima wa mwili. Barua hii anakuletea Germain, yule anayefanya biashara ya samaki wakavu, maana posta yetu imebaki jengo tu. Ameniahidi kukupa mkononi. Nakuomba ukae chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mama ametuacha. Alifariki Jumapili asubuhi, nyumbani, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja yangu. Tulimzika karibu na bibi. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotazamia, hata wale ambao siku hizi hawana nguvu za kutembea kwa sababu ya njaa, na kwaya ya parokia iliimba mpaka kaburi likafunikwa.

Najua hukujibu barua zake tangu mwaka 1993, siku treni ilipowabeba wewe na Baba pamoja na Wakasai wengine waliofukuzwa hapa. Sikulaumu. Hata mimi nilikuwa shuleni Mulungwishi wakati ule, nikarudi nikakuta nyumba nusu tupu. Nilivyosikia ni kama ulivyosikia wewe: kwamba Mama alikataa kupanda treni, akachagua kubaki kati ya ndugu zake Wasanga, wenyeji wa hapa. Nimeishi naye miaka yote hii nikiamini hivyo, na mara nyingine nilimjibu kwa ukali kwa sababu hiyo.

Mwezi wa pili mwaka huu tulipata habari kwamba Baba amefariki huko kwenu. Mama hakulia mbele ya watu. Siku chache baadaye kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kuume ukafa, ulimi ukawa mzito. Alipoweza kusimama tena, jambo la kwanza aliloomba ni kupelekwa parokiani, kwenye ile ofisi alikokuwa akipiga taipu. Alisema ana neno refu la kukuandikia wewe. Kalamu hakuweza kuishika tena, lakini kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilitosha kubonyeza vitufe vya kompyuta. Padri akamruhusu.

Kompyuta ile ni ya zamani, na ilikuwa nzito kama mtu anayepanda mlima. Kila baada ya mistari michache ilisimama ili kuhifadhi kazi, diski ikikwaruza ndani, taa yake ndogo ikiwaka, na Mama akabaki kidole hewani akingoja. Wakati akingoja, maneno yalimkimbia. Ugonjwa ule ulikuwa unamwibia maneno hata bila kompyuta kumsaidia. Mara nyingi nilimkuta analia mbele ya kioo cha kompyuta kwa sababu alikuwa na sentensi nzima kichwani, na mashine ilipomfungulia, sentensi imekwenda.

Lambert, fundi anayetunza mashine za parokia, ndiye aliyeipanga iende polepole hivyo. Umeme wetu unaotoka kwenye bwawa la Mwadingusha unakatika bila taarifa, basi alikuwa ameiamuru iandike kila kitu moja kwa moja kwenye diski, pasipo kuchelewesha. Ni salama, lakini ni kazi kwa diski iliyochoka. Alimweleza Mama kwamba ipo njia nyingine: maneno yapokelewe kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, mashine imwache aendelee, kisha yaandikwe kwenye diski baadaye, kwa mkupuo. Kwa njia hiyo ingekwenda mbio. Lakini umeme ukikatika katikati, kilichokuwa hakijaandikwa kinapotea, na diski yenyewe inaweza kusahau mahali ilipoweka kilichoandikwa zamani.

Nilikuja kujua haya yote kwa kuchelewa. Alasiri moja mvua ilinyesha kwa nguvu, Mama alikuwa ametoka tu kuamuru kazi yake ihifadhiwe, na umeme ukakatika. Uliporudi, jina la kazi yake lilionekana kwenye kioo, lakini ndani hamkuwa na kitu. Majuma yote yale ya kidole kimoja! Lambert alihangaika na diski ile mpaka macho yakamwiva. Diskete ya akiba haikuwepo, kwa sababu Mama alikataa kabisa kunakili. Hakutaka mambo ya mume wake yatembee parokiani.

Nilimfokea Lambert mbele ya watu. Nilimwambia ameua maneno ya mgonjwa. Ni Mama aliyenivuta nguo na kusema, kwa ulimi wake ule mzito, "Muache, Danielle. Ni minye nilimuambia aweke ile ya mbio. Minye sina wakati ya kungoya."

Hakuwa na nguvu ya kuanza upya. Basi alinikalisha kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akanieleza kwa mdomo, vipande vipande, akipumzika kati ya neno na neno. Yaya, ninachokuandikia sasa ndicho kilichopotea.

Siku ile ya treni Mama alikwenda stesheni. Alifunga mizigo, akamweka Elikia mgongoni, akaja kuwafuata. Wewe ulikuwa tayari ndani ya behewa, ukishika nafasi ya familia. Baba alimwona kwa mbali, akamwendea, akamfunua mtoto. Macho yalikuwa mekundu, surua imeshamtoka usoni. Pale stesheni surua ilikuwa inamaliza watoto, unakumbuka. Baba akamwambia, "Rudisha mutoto ku nyumba. Mu treni hii atakufa." Mama akajibu kwamba hawezi kurudi bila kukuona. Baba akamkatalia, akimwonyesha nje ya stesheni wale vijana waliokuwa wakiwafukuza Wakasai. Alisema, "Jean-Luc akijua umerudia ku nyumba, atashuka, na bale bantu ba inje batamuua. Nitamuambia weye ulikatala. Afazali akuchukie, lakini aishi."

Mama akarudi. Alisimama nyuma ya ukuta wa stesheni, ambako usingeweza kumwona, mpaka treni ikaondoka. Baba alimwapisha anyamaze mpaka yeye mwenyewe atakapokueleza, utakapokuwa mtu mzima. Kumbe kifo kimemtangulia. Kama alijaribu kukueleza mwishoni, wewe ndiye unayejua.

Mama hakuniagiza nikuombee msamaha kwa ajili yake. Alisema hana kosa la kusamehewa, wala Baba hana. Aliomba ujue tu. Na aliuliza kama umeota ndevu.

Padri anakusalimu. Lambert pia, naye alisimama nje ya ua siku ya mazishi mpaka nikatoka kumshika mkono na kumwingiza. Wasalimie wote waliokupokea huko, na uwashukuru kwa niaba yetu.

Elikia alipona, ingawa sikio moja halisikii. Amekuwa mrefu, anamega matonge ya bukari kuliko mimi. Kila siku ananiuliza kama kaka yake atakuja. Namjibu sijui. Tafadhali, yaya, usiniache niendelee kumjibu hivyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Danielle