Neno la Mistari Mitatu

Jumatatu, 6 Novemba

Nimekasirika mno. Papa anakwenda Guangzhou kununua bidhaa za duka, na wa kumsomea Kichina ni Abdoul. Abdoul! Mdogo wangu huyu huyu! Mwaka mzima tumesoma Kichina pale mtaani Himbi, benchi moja. Mimi nimeshika alama za maandishi yao karibu elfu. Yeye hata mia hana – eti zinachosha, anaandika matamshi kwa herufi zetu, yatosha.

Nimemwambia Papa aende na mimi. Hakuacha hata chai yake. Eti mutoto mwanamuke amekwisha kuposwa, hatembee-tembee, wakwe watasema nini. Wakwe! Mimi nani ameniuliza?

Jumatano, 8 Novemba

Abdoul amewaonyesha wajomba Kichina chake sebuleni. Wamepiga makofi. Papa ametabasamu kama bwana harusi.

Kusema anajua kidogo, sikatai. Lakini kusoma? Kwetu ukijua herufi, unasoma hata neno usilowahi kuliona. Kule alama moja inabeba neno zima. Kama huijui, utaikodolea macho mpaka kesho. Nimejaribu kuwaeleza – Mama amenikanyaga mguu. Nimekwenda kuosha vikombe. Nimevunja kimoja. Sijutii.

Jumamosi, 11 Novemba

Wameondoka, wanapitia Kigali. Nani amebeba sanduku la Abdoul mpaka kwenye gari? Mimi. Mjinga mimi.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimemaliza kuswali alfajiri, simu imejaa picha. Kule jua limeshapanda. Katoni za bote, zile buti za mpira za shambani, zimepangwa mpaka dari. Abdoul ameandika, leo amekumbuka mimi ni dada yake mkubwa: "Yaya, hizi ni za wanaume ao za wanamuke? Muuzaji anasema za wanaume. Anataka tulipe kwanza, ndiyo afungue."

Wateja wetu ni wakulima wa Kibati, wanaume watupu. Papa akikosea hapa, duka limekwisha.

Nimekuza picha. Alama moja ya mistari mitatu tu, ubavuni mwa kila katoni. Somo la wiki ya kwanza! Mwanamke.

Kisha ujumbe wa sauti wa Papa. "Ramla, mama, soma ile haraka, huyu mutu anachoka kungoja." Hata salamu hakuna.

Nimecheka peke yangu kwa hasira, machozi yakanitoka. Neno lenyewe ndilo hilo, na wote wawili wamesimama mbele yake hawalioni! Nimemjibu Abdoul: mpe Papa simu, nitamwambia yeye mwenyewe.

Inaita, ni Papa. Acha iite kidogo, nimalize kuandika mstari huu. Mama yuko mlangoni, anauliza mbona sipokei.