Nge wa Manjano Hayumo Sandukuni

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako na naomba upesi, maana hapa ninapoandika nimepandisha miguu yote miwili juu ya kiti kama mtu aliyeingiliwa na mafuriko, na mke wangu amepita sasa hivi akanicheka akidhani ni uvivu.

Mimi ni fundi wa vioo, natengeneza madirisha na makabati ya maduka, na kama wengine wanavyopenda mpira na wengine njiwa, mimi napenda nge, usiniulize kwa nini, niliwapenda tangu siku nilipomwona mmoja amebeba watoto wake mgongoni, nikaanza na mmoja kwenye ndoo, wakafika wanne, ndipo nikaamua kuwajengea sanduku la kioo lenye hadhi, refu kama kochi la watu watatu, nikatia mchanga, mawe bapa ya kujifichia, magome ya mti, kisahani cha maji na taa ya kuwapa joto, nikaliweka sebuleni, na kwa kuwa mkono wangu umezoea kabati za maduka nikalitilia milango miwili ya kuteleza, kioo kikipita mbele ya kioo, likapendeza mpaka wateja wakawa wanakuja kuliangalia. Mke wangu hakulisifu. Alilitazama akaniambia, "Baba Kibonge, sikukatazi furaha yako, lakini siku mmoja akitoka humo, mimi na mwanangu tunatoka humu." Kibonge ni mtoto wetu, ndiyo kwanza anatambaa, na kila anachookota anakitia mdomoni.

Sasa mshauri, mmoja katoka. Nilikwenda kuwapa mende wao, nikainua jiwe, hayupo, nikainua magome, hayupo, nikachimbua mchanga wote kwa kijiko na jasho linanitoka, watatu wamo, wa nne hayumo, na aliyekosekana siyo mmoja wa wale weusi wanene wenye makoleo makubwa, ni yule wa manjano, mwembamba wa mikono na mnene wa mkia kama walivyo nge wenye sumu kali, ambaye hata mimi sijawahi kumgusa ila kwa kibanio kirefu. Nikaangalia milango yangu, na pale kioo kinapopitana na kioo pana mwanya unaoingia penseli. Dukani mwanya huo si kitu, viatu na manukato havitembei. Nimetengeneza kabati za namna hiyo maisha yangu yote na sikufikiri.

Sikumwambia mke wangu. Nilijiambia nitamtafuta kimyakimya, nimrudishe, yaishe. Basi kutwa nakung'uta, nakung'uta shuka, nakung'uta nepi za mtoto, nakung'uta viatu vya mama yake kabla hajaamka, nafagia chini ya kabati, na Kibonge simwachi chini, nambeba hata nikinywa chai. Na mke wangu, mshauri, anafurahi! Nimemsikia akimwambia dada yake kwenye simu, "Wee, mume wangu kabadilika, mtoto halii akiwa naye, hata nepi anakunja mwenyewe." Shemeji akaomba simu anipongeze, na mimi nikasema ahsante. Hajawahi kunitazama kwa macho haya tangu tuoane, na ninaona aibu kusema kwamba nayapenda.

Jana nilimweka mtoto mkekani kidogo tu nifunge kamba za viatu, akachungulia chini ya kochi, akacheka, akanyoosha mkono. Niliruka nikapiga goti kwenye meza. Kilikuwa kifuniko cha chupa. Mke wangu akaniuliza, "Una nini wewe?" nikamwambia nampenda mtoto wangu, akanikumbatia, na mimi juu ya bega lake nachungulia chini ya kochi.

Nifundishe namna ya kumpata bila mke wangu kujua. Na tafadhali usiichape barua hii, nijibu kwa simu, namba nimeiandika chini, maana yeye ni msomaji wako na kila Jumamosi anaanza na ukurasa wako kabla ya chai.

Ni mimi,
Fundi Vioo

*

Fundi, pole. Hiyo ndiyo pole yako, na sina nyingine.

Nilipoimaliza barua yako nilikung'uta ndala zangu, na mimi siishi kwako. Kisha nikakupigia. Ulipokea, nikajitambulisha, ukasema, "Umekosea namba," na nyuma yako nikamsikia mtoto akicheka. Nilipopiga tena simu ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo nimechapa yote, na jina la Kibonge nimeliacha humo makusudi, mama yake ajitambue. Siri za wasomaji ninazitunza miaka nenda miaka rudi, ila hii yako ina mkia na inatembea alipo mtoto mchanga.

Najua unaogopa. Kwamba unampenda mwanao silibishi, mtu asiyependa hakung'uti nepi. Lakini mke unayemkumbatia anafurahia woga wako akidhani ni mapenzi, na wewe unazipokea sifa! Huoni haya?

Tena fikiri hivi, bwana wangu. Kesho uko juu ya ngazi unapachika dirisha la mtu. Mtoto anapiga ukelele nyumbani. Mama yake atadhani ni meno, au tumbo, atambeba, atambembeleza, atampaka dawa ya fizi, na muda unakwenda. Neno ambalo daktari anahitaji kulisikia unalijua wewe peke yako, na umezima simu.

Basi sikiliza. Mtoto na mama yake watoke humo ndani leo, waende kwa dada yake, na umwambie sababu kwa mdomo wako. Kaazime dukani ile taa ya zambarau wanayokagulia noti. Giza likiingia zima taa zote, vaa viatu virefu, mmulike: nge aking'arishwa na taa hiyo anawaka kijani, utamwona hata ukiwa mlangoni. Tafuta kwenye nyufa, chini ya ndoo, nyuma ya magodoro, ndani ya viatu. Usitumie mkono. Na mtu akiumwa, hakuna kuchanja wala kufunga kamba, ni hospitali moja kwa moja, na mseme ni nge.

Sanduku lihamie karakana. Milango ya kuteleza ing'oe, weka mfuniko wa juu wenye wavu wa chuma na kufuli, na kwangua ile gundi ya kugandishia vioo kwenye pembe za ndani, maana wanaipanda. Mkeo akisema hataki kuliona tena, usibishane naye. Alikupa sharti moja tu.

Na wewe Mama Kibonge, unayeanza na ukurasa huu kabla ya chai: liweke chini gazeti. Mnyanyue mtoto sakafuni, kung'uta viatu vyako, toka naye nje. Mumeo usimgombeze sasa. Ugomvi utaukuta palepale, mtoto kwanza.